PUA INAPOBADILIKA UMBILE: WAKATI WA KUMWONA DAKTARI

(Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa na daktari wa maradhi ya masikio, pua na koo mbele ya watumishi wa Serikali, masheha na wananchi wa Unguja. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.)

Naamini baadhi yenu mlipoliona tangazo la mazungumzo haya mlitabasamu na kujiuliza, je, pua nayo ni jambo la kuwakusanya watu wazima na shughuli zao? Siwalaumu. Pua imezoeleka kuwa jambo la mzaha. Mtu hutaniwa kwa pua yake tangu skuli hadi uzeeni, na yeye akacheka pamoja na wenziwe. Lakini katika chumba changu cha kazi mzaha huo huwa umekwisha. Wanaonijia ni watu ambao pua zao zimebadilika, na wengi wao huja wakati umebakia mchache wa kuwasaidia. Mmoja alichelewa kwa kuona haya. Mwengine aliambiwa na jamaa zake kwamba yatapita. Wa tatu alikuwa haumwi na kitu, kwa hivyo hakuona sababu ya kupoteza siku ya kazi.

Neno langu la leo ni moja. Umbile la pua ya mtu mzima halibadiliki kwa siku, wiki au miezi michache bila ya sababu. Na sababu nyingi kati ya hizo zina tiba iwapo mgonjwa atawahi. Pua iliyokwisha kuzama ni kazi kubwa kuinyanyua. Pua inayoelekea kuzama huweza kuzuiliwa, mara nyengine kwa vidonge tu.

NAMNA PUA ILIVYOJENGWA

Mkishika pua zenu hapo juu, baina ya macho, mtagusa mfupa. Shukeni na kidole: sehemu kubwa iliyobaki ni laini na hupinda. Hiyo ni gegedu, kitu kigumu kiasi lakini si mfupa, kama ile ya sikio. Ndani yake pana ukuta wa kati unaozitenga tundu mbili, na ukuta huo ndio nguzo inayoushikilia mgongo wa pua.

Nawaomba mlishike jambo hili, kwani ndilo ufunguo wa mengi nitakayoyasema. Gegedu haina mishipa yake ya damu. Chakula chake huipata kutoka kwenye utando mwembamba unaoifunika pande zote mbili. Utando ukibanduka au ukioza, gegedu hufa njaa. Na gegedu ikifa haioti tena. Nguzo ikianguka paa hushuka, na pua huzama katikati mfano wa mgongo wa punda aliyechoka.

MABADILIKO YASIYO MARADHI

Ili tusitiane hofu bila ya haja, nianze na yale yaliyo ya kawaida. Katika umri wa kubaleghe pua hukua, na pengine hutangulia kuliko sehemu nyengine za uso. Kijana hujiona ana pua kubwa, kisha uso huifuata na mambo hukaa sawa. Uzeeni ncha ya pua huteremka kidogo, kwa kuwa viungo vinavyoishikilia gegedu hulegea, na pua huonekana ndefu zaidi. Hayo huja kwa miaka, si kwa miezi.

Mama mjamzito huweza kuona pua yake imepanuka au imeziba. Damu na maji ya mwili huongezeka wakati wa mimba, na baada ya kujifungua hali hurudi kama ilivyokuwa. Hata hivyo, uso na mikono ikivimba kwa ghafla baada ya wiki 20 za mimba, khasa pakiwepo na maumivu makali ya kichwa, kuona kiwi au maumivu ya juu ya tumbo, hilo si jambo la pua. Ni dalili ya kupanda kwa shindikizo la damu katika mimba, na mama apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Ama mtoto mchanga, katika baadhi ya majumba yetu ipo desturi ya kumvuta na kumbinya pua kwa mafuta ili isimame. Nawaheshimu bibi zetu kwa mengi waliyotufundisha, lakini katika hili nawaomba radhi. Pua ya mtoto hufuata wazee wake na hukua kwa wakati wake. Kubinya hakuinyanyui, na mtoto wa miezi ya mwanzo hupumua zaidi kwa pua. Tuiache.

PUA ILIYOPIGWA

Katika visiwa vyetu pua huumia kwa njia tunazozijua sote: mpira wa skuli, pikipiki, kuanguka kutoka juu ya mkarafuu, ugomvi, na mlango uliofungwa na upepo. Watu huuliza swali moja tu: umevunjika mfupa au haukuvunjika? Swali hilo ni zuri, lakini si la kwanza.

Mfupa uliovunjika una subira. Uvimbe ukishashuka, baada ya siku chache, daktari huweza kuona kama pua imepinda, na huweza kuinyoosha ndani ya wiki moja hadi mbili. Kwa watoto ni vyema kuwahi zaidi, kwani mifupa yao huunga haraka. Jambo lisilo na subira ni damu kuvia ndani ya ukuta wa kati. Pigo hupasua vimishipa vidogo, damu hujikusanya chini ya ule utando, na utando hubanduka. Kutoka hapo gegedu imekatiwa chakula. Ndani ya siku tatu au nne huweza kufa. Na damu ile ikiingia vijidudu huwa usaha, ambao una hatari ya kuenea hadi kichwani.

Nitawaeleza kisa kimoja, nacho si cha kujisifu. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii, nililetewa mtoto wa umri wa miaka 9 aliyegongana kichwa na mwenziwe wakicheza mpira. Pua ilikuwa imevimba, damu ilikuwa imekwisha simama. Nilimtazama kwa nje, nikaugusa mfupa, nikaona uko mahala pake. Nilimwandikia dawa ya maumivu na kumwambia mama yake amrejeshe baada ya wiki moja. Yule mama aliniambia kwa upole: "Daktari, mwanangu hapumui kwa pua hata kidogo, huku wala huku." Nikamjibu kwamba ni uvimbe tu, utashuka. Sikuchukua tochi kutazama ndani.

Siku ya tano alirejea naye ana homa, pua nyekundu, haguswi. Tulipofungua ulitoka usaha. Homa ilipoa, na roho yake ilisalimika, kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Lakini gegedu ilikuwa imekwenda. Baada ya miezi michache mgongo wa pua ulizama, na mtoto aliyekuwa na sura ya baba yake akawa na sura nyengine. Mama hakunilaumu, alisema ni amri ya Mungu. Mimi nilijua kwamba ilikuwa kazi ya dakika mbili na tochi moja. Tangu siku hiyo sijamruhusu mgonjwa aliyepigwa pua kuondoka kabla sijatazama ndani, na nimewafundisha hivyo hivyo vijana waliokuja baada yangu.

Kwa hivyo mzazi, mwalimu au mwenzi wa kazini akumbuke hivi: aliyepigwa pua kisha ikaziba pande zote mbili, au maumivu yakazidi badala ya kupungua, apelekwe siku hiyo hiyo, na aombe kutazamwa ndani ya pua. Kuomba si utovu wa adabu. Yule mama alikuwa na haki kuliko mimi.

Damu ya pua ikitoka, mgonjwa akae kitako, ainamishe kichwa mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila ya kuachia, na apumue kwa mdomo. Asilazwe chali wala asirudishe kichwa nyuma, kwani damu humezwa na kumtapisha. Na ikiwa baada ya pigo la kichwa yanatiririka maji meupe kama ya kisima kutoka tundu moja, asipenge, apelekwe hospitali mara moja. Maji hayo huenda yanatoka kwenye ubongo.

MARADHI YANAYOILA PUA KIMYA KIMYA

Sasa naja kwenye sehemu ambayo haizungumzwi majumbani kwetu. Nayo ni ukoma.

Ukoma haujaondoka. Ni kweli kwamba Tanzania ilifikia mwaka 2006 kiwango cha chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000, lakini wagonjwa wapya bado wanagunduliwa kila mwaka, Unguja na Pemba. Kijidudu chake, kilichogunduliwa na daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, mwaka 1873, hupenda sehemu za mwili zilizo baridi, na pua ni mojawapo. Katika aina ya ukoma yenye vijidudu vingi, pua huziba kama kwamba ni mafua yasiyokwisha, hutoa magaga na kamasi zenye damu damu. Mgonjwa hununua dawa ya mafua dukani, mwezi baada ya mwezi. Huku nyuma ukuta wa kati unaliwa. Haumi. Siku moja hutoboka, na baadaye pua huzama.

Kabla ya hapo mwili huwa umekwisha toa ishara nyengine: baka la ngozi lililopauka au kuwa jekundu, ambalo halihisi ukiligusa kwa pamba, ganzi ya mikono au miguu, nyusi kunyonyoka, khasa upande wa nje, na vinundu kwenye ncha za masikio. Mwenye ishara moja kati ya hizo, hata kama pua yake ni nzima, aende kituo cha afya. Maradhi haya huchukua wastani wa miaka mitano kujitokeza tangu kuingia mwilini, na pengine miaka 20, kwa hivyo asijiulize sana ameyapata wapi.

Ukoma si laana, si uchawi, wala haurithiwi. Huambukizwa kwa matone ya pua na mdomo kwa watu wanaoishi karibu kwa muda mrefu na mgonjwa asiyetibiwa. Hauambukizwi kwa kupeana mkono, kukaa benchi moja wala kula pamoja. Dawa zake mseto zilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, na tangu 1995 Shirika hilo limekuwa likizitoa bila ya malipo. Ni rifampisini, dapsoni na klofazimini, kwa miezi 6 au 12 kwa mujibu wa aina ya maradhi. Moja kati ya dawa hizo huweza kuifanya ngozi iwe nyeusi zaidi kwa muda. Mgonjwa asiogope akaziacha, kwani rangi hurejea baada ya kumaliza. Aliyeanza dawa huacha kuambukiza wengine baada ya muda mfupi tu. Na tangu 2018 Shirika hilo limependekeza pia dozi moja ya rifampisini kwa wale waliokaa karibu na mgonjwa, baada ya kupimwa, ili kuwakinga. Kwa hivyo anayeficha maradhi yake huificha pia kinga ya wanawe.

Kaswende isiyotibiwa nayo huweza kuila pua, ya mtu mzima baada ya miaka mingi au ya mtoto aliyeambukizwa tumboni mwa mama yake. Hii ndiyo sababu ya mama wajawazito kupimwa damu katika hudhurio la kwanza la kliniki. Sindano ya penisilini humlinda mama na mtoto. Yapo pia maradhi ya nadra ambayo kinga ya mwili humgeukia mwenyewe, yakaanza puani kwa magaga na damu kisha yakaingia mapafuni na kwenye mafigo. Na wapo vijana wanaovuta kwa pua dawa za kulevya, khasa kokeini, ambayo hubana mishipa ya damu hadi ukuta wa kati ukatoboka. Kijana huyo aletwe kutibiwa. Hatuletewi watu ili tuwashitaki.

VIDONDA NA UVIMBE

Pua ndiyo inayotangulia juani. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, kidonda kidogo cha puani, gaga linalotoka na kurudi, au kinundu kinachotoa damu kikiguswa, huenda kikawa ni saratani ya ngozi. Ikikatwa ikiwa ndogo, mtu hupona akabakia na kovu. Ikiachwa hula pua na shavu. Basi mwenye ualbino avae kofia yenye ukingo mpana na mikono mirefu, apake mafuta ya kukinga jua, apangiwe kazi za kivulini, na achunguzwe ngozi yake mara kwa mara. Na kwa mtu yeyote, kidonda cha pua kisichopona kwa wiki nne kimefika wakati wa kuonwa.

Pua ikipanuka kutoka ndani, huenda pana vinyama laini vinavyoota kwa uvimbe wa muda mrefu. Hivyo si saratani na vina tiba. Lakini tundu moja tu likiziba kwa wiki kadhaa, likatoa damu mara kwa mara, shavu likavimba, jicho likasukumwa nje au tezi ikatokea shingoni, hapana budi kuchunguzwa kwa haraka. Na jipu la puani lisikamuliwe. Mishipa ya sehemu hiyo inawasiliana na ile ya ndani ya kichwa, na uchafu huweza kupanda.

Kwa watoto wadogo, tundu moja linalotoa kamasi zenye harufu mbaya mara nyingi lina kitu ndani: punje, ushanga, kipande cha sifongo. Kilicho hatari kupita vyote ni betri ndogo ya duara, mfano wa kifungo, ya saa na michezo ya watoto. Huunguza ndani ya saa chache na kutoboa ukuta wa kati. Usimtie maji wala matone, mkimbize hospitali.

MUHTASARI WA KUKUMBUKWA

Nenda hospitali siku hiyo hiyo iwapo:

1. Pua imepigwa na imeziba pande zote mbili, au maumivu na uvimbe vinazidi.
2. Damu haisimami baada ya kubanwa kwa dakika 15 mara mbili.
3. Maji meupe yanatoka baada ya pigo la kichwa, au mgonjwa alizirai, au anaona vitu viwili viwili.
4. Pua ni nyekundu, ina maumivu, na pana homa, jicho kuvimba au kichwa kuuma sana.
5. Mtoto ametia betri puani, au inashukiwa hivyo.

Nenda kituo cha afya ndani ya wiki hiyo iwapo:

1. Pua imepinda baada ya kuumia, hata kama haiumi.
2. Mgongo wa pua unazama, au pua inapanuka, bila ya sababu inayojulikana.
3. Pua imeziba au inatoa magaga na damu kwa zaidi ya wiki nne.
4. Pana kidonda kisichopona, au baka la ngozi lisilohisi.

WAJIBU WETU WATUMISHI

Ndugu watumishi wenzangu, nimalizie kwa jambo linalotuhusu sisi tunaokaa maofisini. Mgonjwa hachelewi kwa ujinga tu. Huchelewa kwa sababu anaogopa. Karani mwenye baka mkononi huogopa kuhamishwa meza. Mwalimu aliyeanza dawa za ukoma huogopa wazazi. Mfagiaji huogopa kukatwa posho ya siku aliyokwenda kupima. Mkuu wa kazi anayetoa ruhusa bila ya kuhoji mno, anayeihifadhi siri ya mtumishi wake na kumpokea anaporejea kama alivyokuwa, huokoa viungo na nyuso kuliko sisi wenye visu. Mgonjwa wa ukoma aliye katika dawa na mwenye afya ya kufanya kazi hana sababu ya kutengwa na kazi yake.

Wahenga wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hapa naongeza kwamba wapo wasiokufa, bali huumbuliwa wakiwa hai, kila wanapojitazama kwenye kioo. Yule mtoto wangu wa mpira sasa ni mtu mzima. Tunapokutana mjini hunisalimu kwa heshima, nami humwitikia nikimtazama usoni, kwa kuwa nimekatazwa na dhamiri yangu kutazama pembeni. Nisingependa mmoja wenu, mzazi au tabibu, alibebe jambo kama hilo ilhali lilikuwa na dawa.

(Wakuu wa Idara, Walimu Wakuu na Masheha wanaombwa kuubandika muhtasari wa kukumbukwa ulio katika ukurasa huu mahali penye kuonekana na watu wote.)